Mate ya Mzee Eliufoo

Mnaniona hapa sokoni Soweto nachambua utumbo wa ng'ombe tangu alfajiri, mikono imezama mpaka kwenye viwiko, mnadhani Yuditha hana kinyaa. Utumbo ni chakula, mwenzangu. Hata kile kilichomo ndani ya utumbo ni majani tu yaliyosafiri. Lakini makohozi ya binadamu! Mtu akikaa kwenye benchi langu la supu akaanza kujikohoza, akavuta kitu kutoka huko chini na kikaja kinakoroma, mimi namwondolea bakuli na kumwonyesha barabara. Wateja wengine wamenihama kwa sababu hiyo. Waende salama.

Sasa tazama Mungu alivyonitania. Akanipa baba mwenye kifua.

Baba yangu, Mzee Eliufoo wa kule Masama, aliugua kifua kikuu zamani, akameza dawa zote, akapona kabisa. Wadudu waliondoka, ila nyumba waliiacha imebomoka. Mirija ya ndani ya mapafu, ile inayopitisha hewa, ilitanuka ikalegea kama soksi kuukuu. Dada Grace, mtaalamu wa mazoezi ya tiba pale hospitali ya mjini, alitufafanulia kwa picha iliyobandikwa ukutani. Bomba la hewa linashuka kutoka kwenye koromeo, lina pete ngumu ngumu, na hilo nalijua kwa sababu ng'ombe naye analo na nalikata kila siku. Chini linagawanyika matawi mawili, kisha kila tawi linagawanyika tena na tena, mpaka kwenye vifuko vidogo ambako hewa inakutana na damu. Ndani ya mirija kuna vinyweleo vinavyofagia uchafu kuupandisha kooni usiku na mchana, na sisi tunaumeza bila kujua.

"Sote?" nikauliza.

"Sote, mama. Hata wewe," akasema Grace, anatabasamu kabisa.

Yakh! Siku ile nilikaa mpaka jioni naogopa kumeza mate yangu mwenyewe.

Kwa baba vinyweleo hivyo vilishakufa. Makohozi yanajikusanya kwenye ile mirija iliyolegea, yanachacha humo kama maziwa yaliyosahauliwa. Grace akatuambia waziwazi: yakitolewa kila asubuhi na kila jioni, mzee ataishi na watu wake. Yakiachwa, yataoza, mapafu yatajaa, na mara nyingine tukimleta hapo huenda tusirudi naye. Namna ya kuyatoa ni kumlaza mgonjwa ubavu, mito chini ya nyonga ili kifua kiteremke kama shamba la migomba, halafu unakunja viganja na kumpigapiga mgongoni mpaka uchafu uachie na utiririke kuja kooni. Hapo anakohoa, anatema. Mtu aliyefundishwa kazi hiyo pale hospitali, akaifanya vizuri mpaka Grace akampigia makofi, alikuwa ni wifi yangu Margareta.

Huyu Margareta ndiye niliyetaka kuwaambieni habari zake tangu mwanzo, baba ameniingilia tu.

Ni mke wa Godlove, mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo mke wake ndiye anayebaki na wazazi. Mama alishatangulia. Godlove ni mwongoza watalii, anapanda mlima na wageni wake, akishuka analala, akiamka anapanda tena. Kwa hiyo kihamba chote, yaani shamba letu la ukoo, migomba, kahawa, ng'ombe wa maziwa ndani ya banda na baba ndani ya nyumba, vyote viko juu ya Margareta. Ni mrefu, ana miguu ya mtu aliyezoea mteremko, na anacheka ameziba mdomo kwa kiganja kama aliyeiba karanga. Kukata majani, kukamua, kupika mtori wa ndizi wa baba na kuuponda mpaka uwe laini kwa sababu mzee akipaliwa ni msiba. Sijawahi kumsikia akisema amechoka. Wakati mwingine inaniudhi, maana mimi nachoka.

Ila ana donda moja. Margareta ni wa Kilema, Mkatoliki wa kuzaliwa, na sisi ni Walutheri wa tangu babu. Godlove alipomleta nyumbani baada ya harusi, wazee walikaa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa. Kwetu baba wa nyumba hupiga funda la mbege, akampulizia mkamwana kifuani, yale manyunyu ya mdomo wa mzee pamoja na mate yake, na kumwombea uzazi na maisha marefu. Ndipo anahesabika kuwa wa pale. Ndiyo, najua, ni mate. Mimi mwenyewe nilipuliziwa siku niliyoolewa na nilifumba macho na mdomo na pua. Lakini ndiyo baraka yenyewe.

Baba akaishika kata, akamwangalia Margareta, akaiona rozari shingoni mwake. Akaiweka kata chini.

"Mate yangu siyapotezi," akasema, mbele ya watu.

Margareta aliinuka akaenda jikoni kusaidia kuosha vyombo vya harusi yake mwenyewe. Tangu siku hiyo rozari anaivaa ndani ya gauni. Amezaa, mtoto wake Brenda sasa yuko shule, na bado wanawake wa pale wakimchokoza wanamwita mgeni. Aliwahi kuniambia tukiwa tunamenya ndizi, "Wifi, mimi sitaki kiwanja wala ng'ombe. Nataka ile ya kifuani tu, kabla baba hajaondoka. Asije akaondoka nayo." Nikamwambia mate ni mate, asijisumbue. Akaendelea kumenya.

Basi, turudi kwenye makohozi, kwa bahati mbaya.

Walipotoka hospitali, jioni ya kwanza tu, Margareta akapanga mito, akanawa mikono, akasema, "Baba, tuanze." Baba akamtazama kama aliyemwambia avue suruali katikati ya gulio. Mkamwana amshike mgongo? Mkamwana amwone akitoa uchafu? Haiwezekani! Na hata kikohozi kilipombana, mzee alikiziba. Akavuta yale madude mpaka kinywani, akafunga midomo, akayameza. Nasema akayameza! Margareta akitoka, mzee anakohoa. Akiingia, anameza. Nilipoambiwa habari hiyo nilikuwa nala, na sikumaliza chakula.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nenda umwambie Mzee Eliufoo. Kikao cha ukoo kikafanyika kwa simu na uamuzi ukawa kwamba kwa mtoto wa kumzaa mzee hataona haya. Mtoto wa kumzaa aliye karibu ni nani? Ni mimi. Mimi, kati ya watu wote waliopo chini ya Kilimanjaro!

Nikawa napanda Masama asubuhi baada ya kuuza supu, nalala huko siku nyingine ili niwahi ya jioni. Hamjui nilichopitia. Nilijifunga khanga puani na mdomoni nikatoa macho tu. Nilimpiga baba mgongo nimegeuza uso ukutani. Na kwa kuwa sikufundishwa mimi, mwalimu wangu alikuwa nje: Margareta alisimama chini ya dirisha, upande wa migomba, baba asimwone, akinielekeza kupitia nondo.

"Wifi, kunja viganja kama unachota maji. Usipige kofi, unamchapa!"

"Nimekunja!"

"Mlio si wenyewe. Unatakiwa uwe mzito, kama unapiga mto. Sogea chini kidogo, juu ya mbavu, usiguse uti wa mgongo. Sasa mwambie avute pumzi kwa tumbo."

"Baba, vuta kwa tumbo."

"Tumbo linavutaje pumzi?" baba anafoka. "Pumzi iko kifuani!"

Hapo Margareta kule nje anaeleza, nami narudia kwa baba kama mkalimani wa mhubiri. Kwamba mapafu yenyewe hayana nguvu, ni sponji tu, hayajui kujivuta. Anayevuta ni kiwambo, ule msuli mpana uliotandazwa chini ya mapafu, unaotenga kifua na tumbo. Kikishuka, kifua kinapata nafasi, hewa inaingia, na tumbo linasukumwa mbele. Misuli ya katikati ya mbavu inainua mbavu kusaidia. Na mtu akitaka kukohoa, tumbo ndilo linalokaza na kusukuma kutoka chini. Baba alikuwa amesahau kiwambo chake. Alikuwa anapumua kwa shingo, kila akivuta hewa kamba za shingo zinasimama, mabega yanapanda masikioni, na hewa yenyewe ya kujaza kijiko.

Na yakitoka, je? Nilimshikia kopo lenye mfuniko, mkono umenyooka mbali kama nabeba nyoka. Rangi yake sitaisema. Harufu nayo ilikuwa ya maji ya chombo cha maua makaburini. Nilikuwa nikitoka hapo nakwenda kuinama nyuma ya banda la ng'ombe, na Margareta analichukua kopo lile, analimwaga chooni, analisuuza kwa maji ya moto, huku ananiimbia pole.

"Wewe huoni kinyaa?" nilimuuliza.

"Naona, wifi. Nani asione?" akasema. "Lakini kikiisha kutoka, baba analala. Nakisikia kifua chake kupitia ukutani."

Mvua za masika zikaja, na kule juu masika si mchezo, ukungu unaingia hadi chini ya vitanda. Godlove alikuwa mlimani na wageni. Asubuhi hiyo nilimkuta baba ana joto, midomo imeanza kugeuka rangi, hazungumzi. Nikamlaza, nikaanza kupiga. Margareta alikuwa dirishani kwake, amejifunika gunia la mbolea kichwani, mvua inampiga.

Mara nikasikia kitu kikiachia ndani ya baba. Nilikisikia mikononi, kitu kizito kinajiburuta. Kikapanda, kikafika kooni, kikakwama hapo. Baba akakakamaa. Mdomo wazi, macho yametoka — yake, na yangu pia — na hakuna sauti. Shingo ilitutumka kamba zote. Tumbo likaingia ndani ya mbavu. Hewa haiingii, haitoki. Nilitakiwa kumwinamisha na kumpiga, nilijua kabisa, nikaona ule ute ukining'inia kwenye kona ya mdomo wake. Nilitapika papo hapo, kwenye slipa za baba.

"Wifi! Mbona kimya? Wifi!"

"Anakufa!" nikapiga kelele. "Margareta, anakufa!"

Sikumbuki mlango kufunguka. Nilimwona tu yumo ndani, maji yanamtiririka, anamkalisha baba kitandani na kumwinamisha mbele begani kwake, mkono mmoja umemzunguka chini ya mbavu na mwingine unapiga mgongo. Ule mlio mzito niliokuwa nashindwa kuutoa, yeye aliutoa kwa pigo la kwanza.

"Baba, usinionee aibu leo. Kohoa! Mimi ni mtoto wako, kohoa!"

Akamkaza tumbo, akasukuma. Akapiga tena. Baba akatetemeka mwili mzima, na kile kidude kikaruka. Kilitoka na sauti, na kilichofuata kilitoka na sauti pia, chote, cha siku nyingi, kijani na kahawia na uzi wa damu, kikampata Margareta kifuani, kuanzia shingoni hadi kwenye mkanda wa gauni. Halafu nikasikia hewa inaingia ndani ya baba yangu, inapiga mluzi kama filimbi mbovu. Sijawahi kusikia sauti tamu hivyo na sijawahi kuona kitu kichafu hivyo, na vilikuja pamoja.

Baba alipopata nguvu akaona alichofanya. Akajifunika uso kwa blanketi. Margareta hakujifuta kwanza, alimfuta yeye.

Baba akasema ndani ya blanketi, "Basi. Nimekutemea. Umepata ulichokuwa unakitafuta."

Mzee mkaidi huyu! Amenyang'anywa kaburini dakika hiyo hiyo, na bado anatafuta kona ya kupitia. Nilitaka kumjibu mimi. Margareta akaniwahi.

"Hapana, baba. Haya ni makohozi. Mimi nadai mate, yale ya siku ya harusi."

"Sina pumzi ya kupuliza mbege."

"Basi tutaitafuta."

Mvua inagonga bati. Kisha baba akatoa mkono nje ya blanketi, akaupapasa mto, akausukuma kuelekea chini ya nyonga zake.

"Panga vizuri," akasema. "Huyu mwingine ananichapa."

Huyo "mwingine" ni mimi, niliyepanda mlima na kutapika kila siku kwa ajili yake. Shukrani ya punda!

Tangu hapo Margareta akawa anamhudumia mwenyewe, asubuhi na jioni, na mimi nikarudi kwenye utumbo wangu wenye heshima. Nilipanda Jumapili tu. Nikawa nawakuta sebuleni, baba amekaa kwenye kiti, kiganja chake juu ya tumbo na kiganja cha Margareta juu ya kiganja chake. Vuta, tumbo lije mbele. Toa polepole, midomo umeibana kama unapoza uji. Margareta alifunga kipande cha jani kavu la mgomba kwa uzi, akakining'iniza kwenye mwamba wa paa usawa wa uso wa baba. Kazi yake ilikuwa kulipuliza jani litikisike. Mwanzoni halikujua kama baba yupo. Siku lilipotikisika, walinipigia simu sokoni kama vile amezaliwa mtoto.

Kila wiki uzi ulisogezwa mbali kidogo. Baba alilichukia lile jani. Alilitukana kwa Kichagga, matusi ya wachunga ng'ombe wa zamani, halafu analipuliza tena. Kikohozi kikimjia anatema kwenye kopo mbele ya mkamwana wake, waziwazi, bila haya wala samahani. Mimi niko mlangoni na khanga yangu puani.

Lakini msidhani mapafu yaliyoharibika yanaota upya. Grace alitueleza tena, taratibu: misuli inaweza kujengwa, mirija iliyotanuka haijengeki. Baba alisikia. Nadhani ndiyo sababu Jumapili iliyofuata, tuliporudi kutoka kanisani, tulimkuta amevaa koti lake la harusi za watu. Akamwagiza Godlove alete mbege. Akamwambia Margareta asimame mbele yake.

"Toa hiyo rozari nje," akasema. "Isilowe kwa kuibia."

Margareta akaitoa. Alivaa gauni la njano, jipya, alilojishonea mwenyewe.

Baba akapiga funda. Akavuta pumzi kwa pua, nikaliona tumbo likija mbele vizuri, kiwambo kinafanya kazi yake, mbavu zikainuka. Nikajikuta na mimi nimevuta pumzi. Akabana midomo. Akapuliza.

Kikohozi kikamkata katikati. Mbege haikufika kokote. Ilimwagika mdomoni ikashuka kidevuni, ikiwa na povu na uzi mrefu wa yale mambo yetu, ikaning'inia hapo, inatikisika. Baba akabaki ameinamisha kichwa. Machozi yakamtoka, mzee yule, yakaungana na vile vingine.

"Imeishia kidevuni," akasema. "Nilikuwa nayo siku ile, nikaiweka chini. Pumzi nilikuwa nayo."

Margareta akapiga magoti. Akakinga kiganja chini ya kidevu cha baba, akaikomba yote, mbege na povu na uzi na machozi, kama mtu anayekomba asali, akajipaka kifuani. Polepole, mpaka kiganja kikakauka. Rozari ikang'aa kwa ute.

"Imefika, baba," akasema, kisha akamshukuru kwa Kichagga: "Aika."

Baba akaweka mkono juu ya kichwa chake, akasema maneno yote ya siku ile, moja baada ya jingine, akipumzika katikati.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nimeshika mgomba. Godlove akanifuata akaniuliza, "Dada, unalia?" Nikamwambia natapika. Na nilikuwa natapika kweli, asinisingizie mtu.

Baba alituaga kabla kahawa haijaiva, usingizini, kifua kimetulia. Tumemzika kihambani, na siku ya kuanua matanga mwanamke mmoja alimwita Margareta mgeni. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto.

Juzi nilikuwa Masama kumsaidia kuchuma. Alinituma kabatini nichukue shuka, nikafungua, harufu ikanipiga: mbege iliyochacha, na ile nyingine ninayoijua. Gauni la njano, limekunjwa, halijafuliwa tangu siku ile. Kifuani pamekauka pakawa pagumu kama wanga. Yakh! Nikalibeba kwa vidole viwili mpaka kwenye beseni, nikamwaga sabuni ya unga, nikafungua bomba.

Margareta alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Alinitazama tu, kiganja kifuani.

Nikafunga bomba kabla maji hayajalifikia. Nikalikung'uta gauni sabuni yote, nikalikunja kama lilivyokuwa, nikalirudisha.